Ukurasa wa Pili Ambao Sikukusomea

Mama Zawadi,

Barua huanza kwa kumuuliza mtu hali. Yako siwezi kuiuliza tena, na wakati nilipoweza, nikikuona kila siku kazini, sikuwa nikiiuliza kwa nia ya kusikia jibu. Kwa hiyo niache nianze na ya huku.

Bado niko Edmonton, kwenye fleti ileile juu ya kinyozi. Bado nafanya kazi kwenye nyumba ile ya wazee, ila mimi si kiongozi wa zamu tena. Nitakueleza. Wameleta birika jipya kwenye chumba cha wafanyakazi. Lile ulilokuwa ukilipiga kofi ndipo liwake limetupwa. Zawadi wako yuko, anaamka, anaenda kazini. Amekata nywele. Akiona ni mimi napiga simu, mara nyingine hupokea.

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Kila nilipofika kwenye yale niliyokutendea, kalamu ilianza kunitetea: kazi zilikuwa nyingi, meneja alinibana, mimi sikusomea udaktari. Leo nitaandika nilichofanya, basi.

Miaka tisa iliyopita nilikuja kwako sijui kitu. Nimetoka Voi na cheti cha ukatibu, sijawahi kumwogesha mtu mzima hata mara moja. Siku yangu ya kwanza yule bibi wa chumba cha mwisho alinitemea mate usoni. Nikaenda kujificha kwenye stoo ya mashuka, nalia. Wewe ukafungua mlango, ukanitazama, hukunipa pole. Ulinipa taulo.

"Mwanangu, hajakutemea wewe. Ameitemea baridi. Kaipashe hii kwenye hita, umfunike mabega kwanza, ndipo umguse."

Nikafanya hivyo. Bibi akatulia kama mtoto. Tangu siku hiyo nilikuwa nyuma yako kila mahali, nikitazama mikono yako. Ulinifundisha kugonga mlango hata kama mwenye chumba ni kiziwi. Ulinifundisha kumwambia mgonjwa ninachotaka kufanya kabla sijakifanya, hata kama hanielewi. Jumapili ulinipeleka kwenye ibada yenu ya Kiswahili katika ukumbi wa shule, na ukinisindikiza kituoni ulinitilia mahamri kwenye mkoba bila kuniuliza kama nataka. Nilikuwa nataka.

Waliponifanya kiongozi wa zamu, wewe ndiye uliyefurahi kuliko mimi. Ulisema mbele ya watu wote, "Sasa tuna mtu wetu huko juu!" Ukacheka. Mimi pia nilicheka, lakini neno lile lilinichoma. Niliogopa wenzetu wataona nakupendelea. Niliogopa sana, Mama Zawadi, mpaka nikaanza kukufanyia ukali ambao sikumfanyia mtu mwingine yeyote. Nilikupangia ghorofa ya pili wiki baada ya wiki, ili mtu asiseme nakupa kazi nyepesi ya chini.

Na ngazi zile ndizo zilizokuwa zikikumaliza.

Nilianza kukuona ukisimama katikati ya ngazi, umeshika chuma cha pembeni, ukijifanya unafunga kiatu. Viatu vyako havikuwa na kamba. Mwisho wa zamu ulikuwa ukivua soksi, na alama yake inabaki imezama mguuni kana kwamba mtu amekufunga uzi. Uliniambia siku hizi unalalia mito mitatu, ukilala chali unaona kama maji yanakupanda kifuani. Nilikujibu ununue godoro zuri.

Kilichonifanya nikuone mwongo ni hiki: ukikaa dakika kumi, unakuwa mzima. Unaongea, unacheka, unasimulia habari za Kilifi. Ukiambiwa upande ghorofani, pumzi inakatika. Nikasema moyoni, ugonjwa gani huu unaokuja kukiwa na kazi na kuondoka kukiwa na chai?

Siku moja asubuhi nilikukuta chumbani kwa Bwana Wilfred, yule mzee aliyekuwa dereva wa basi. Maji ya kumwogeshea yamepoa kwenye beseni. Wewe umekaa kwenye kiti chake, mdomo wazi, jasho linatiririka, na yeye amekaa kitandani na pajama zake, anakupigapiga mkono kukubembeleza. Nyuma yangu koridoni walikuwa wasichana wawili wapya, wanatazama.

Sisi wawili hatukuwahi kuongea Kiingereza tukiwa peke yetu. Siku ile nilikusemesha Kiingereza, kwa sauti ya kufika koridoni. Nilikwambia kama kazi imekushinda useme, na kwamba kiti cha mgonjwa si mahali pa wewe kupumzikia. Nilichagua lugha ile kusudi, ili wasichana wale waelewe kila neno.

Bwana Wilfred alisema, "Muache, msichana." Wewe ulisimama ukishikilia kitanda. Ukanijibu kwa Kiswahili, taratibu, "Nimesikia, Wakesho."

Nikimpeleka Bwana Wilfred chooni sasa napita pale ulipokuwa umekaa. Kila siku.

Halafu ikaja ile barua ya hospitali. Ulikuwa umefanyiwa kipimo cha picha ya moyo, kile cha kupakwa jeli kifuani. Ulikuja nayo kwenye chumba cha wafanyakazi wakati wa chakula. Kiingereza cha kila siku ulikijua vizuri, ila cha madaktari ulisema kinakuchanganya. Ulinawa mikono kwanza ndipo ukanipa bahasha, kana kwamba ni kitu cha kanisani. Mimi nilikuwa nakula, nikaishika kwa vidole viwili.

Aya ya kwanza ilisema nguvu ya moyo kusukuma damu iko katika hali ya kawaida. Nikaishia hapo.

"Wanasema moyo wako unasukuma vizuri," nikakwambia. "Huna kitu, Mama Zawadi."

"Sasa mbona nikipanda ngazi nakosa pumzi?"

"Uzito. Na umri."

Ukaigeuza karatasi, ukaitazama. "Na huku nyuma wameandika nini?"

"Maneno yao tu, ya kila barua."

Sikuwa nimeyasoma. Hata kuyatupia jicho sikuyatupia. Ukasema, "Haya, asante, mwanangu," lakini uso wako haukuwa wa mtu aliyepewa habari njema. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa kwa adabu kwamba anasingizia. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nafunika uso hata nikiwa peke yangu. Nilikuomba barua nitoe kopi. Nilikwambia, "Niiweke kwenye faili lako, itakusaidia." Wewe ukadhani nakusaidia kuhamishwa chini. Ukanishukuru tena.

Wiki ileile nilimwandikia meneja. Niliandika kwamba unachelewesha kazi, unakaa vyumbani mwa wazee, na kwamba hospitali yenyewe imethibitisha moyo wako ni mzima. Nikamalizia kwamba kwa maoni yangu ni suala la bidii. Bidii, Mama Zawadi. Mimi ndiye niliyekuandika hivyo, wewe uliyenifundisha kazi.

Kwenye kikao ulikuja na ile blauzi yako ya bluu ya ibadani. Meneja akaweka ile kopi mezani. Uliitazama, ukanitazama mimi, ukaelewa. Ungeweza kunisema pale pale, ukasema huyu ndiye aliyenisomea, huyu ndiye aliyeniambia ni ya kunisaidia. Hukusema. Ulipoulizwa una lipi la kujibu, Kiingereza kilikukimbia, ukasema kwa Kiswahili, "Mimi sijifanyi. Mwili wangu naujua. Kuna kitu."

Meneja akanigeukia akauliza umesema nini.

Nikamwambia, "Anasema ataongeza bidii."

Ulikuwa unasikia Kiingereza kile. Ulijua nilichokisema. Ulinitazama kidogo, ukainamisha kichwa, ukatia sahihi barua ya onyo.

Baada ya hapo hukuomba tena kuhamishwa. Ulipanda na kushuka miezi mitatu. Ulipolazwa, mapafu yamejaa maji na moyo ukienda mbio bila mpangilio, sote tulitia sahihi kwenye kadi, nami nikaandika "Ugua pole" kwa herufi kubwa. Nilisema nitakuja kukuona nikipata nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Uso wa kukutazama ndio sikuwa nao. Siku ya nne Zawadi akapiga simu kazini, akamwambia meneja, na meneja akaniambia mimi.

Ukumbini, siku ya kukuaga, mchungaji alinitaja nizungumze kwa niaba ya wafanyakazi wenzako. Nilisimama. Nikasema hatujapata kuwa na mchapakazi kama Mama Zawadi. Wamama wakaitikia, wengine wakalia. Zawadi akaja akanikumbatia, kichwa chake begani mwangu, akanishukuru. Nilimshika mgongoni nikawa nahesabu pumzi zake ili nisipige kelele.

Ningeendelea hivyo, nadhani. Watu huendelea. Lakini mwezi uliofuata Bwana Wilfred alianza kuvimba miguu.

Naye alikuwa hivyohivyo: amekaa, mzima, anataniana na watu, akitembea mpaka chumba cha chakula, anashika ukuta. Wakampima. Akaja nesi wa moyo kutueleza namna ya kumtunza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. Aliposema kwamba moyo wa Bwana Wilfred unasukuma vizuri lakini umeshindwa na kazi yake, nilimkatiza. Nikamuuliza, inawezekanaje? Kama unasukuma vizuri, umeshindwa nini?

Akakunja ngumi mbele yangu. "Moyo una kazi mbili," akasema. "Kubana na kulegea. Ukibana, unatoa damu. Ukilegea, unapanuka, unaingiza damu nyingine. Wa Wilfred unabana vizuri tu. Haulegei." Akafungua vidole nusu, akaviacha hapo. "Presha ya miaka mingi imeufanya ukuta wake kuwa mnene na mgumu. Haupanuki ukajaa. Damu inayoingia ni kidogo, na inayokosa nafasi inarudi nyuma kwenye mapafu, inasukumiza maji huko. Ndiyo pumzi inakatika. Ndiyo akilala chali anahisi anazama."

"Na karatasi inayosema kawaida?"

"Karatasi inapima sehemu ya damu inayotolewa katika ile iliyoingia. Ukitia nusu kikombe na ukatoa sehemu kubwa ya nusu kikombe, hesabu inaonekana nzuri. Mwili ndio unaojua kwamba kikombe hakikujaa."

Nikamuuliza kwa nini akikaa anakuwa mzima. Akasema mtu akitulia moyo unapiga polepole, unapata muda wa kujaa japo kidogo. Akipanda ngazi unapiga haraka, na muda wa kujaa unapungua, wakati mwili ndio unahitaji zaidi. Halafu akasema, akiandika kwenye daftari lake wala hanitazami, "Wengi wao huwa hawaaminiwi kwa muda mrefu. Huambiwa ni wavivu."

Nilitoka nikaenda ofisini. Kopi yako ilikuwa bado kwenye faili, na ukurasa wa pili nyuma yake. Niliusoma nimesimama. Ulisema chumba cha kushoto cha moyo wako kimenenepa na kukakamaa, hakilegei inavyotakiwa. Ulisema shinikizo ndani yake liko juu. Ulisema dalili zako zinaendana na moyo kushindwa kazi, na kwamba umwone GP wako, daktari wa mtaani, ndani ya wiki mbili kuhusu presha na vidonge vya kutoa maji mwilini. Aya tatu. Ningezisoma kabla chai haijapoa.

Nesi alipokuja tena nilimuuliza kama mtu angetibiwa mapema angepona. Alisema kukakamaa kule hakuondoki, lakini maji yangetolewa, presha ingeshushwa, mapigo yangefuatiliwa, na mtu angepumzishwa ngazi. Kama angeishi zaidi, hakuna anayejua. Nilitamani aniambie moja, ama nimekuua ama sikukuua. Hakunipa hata moja.

Nilikwenda kwa Zawadi Jumamosi mchana. Blauzi zako zilikuwa kwenye kamba uani, amezifua ingawa zilikuwa safi. Nilimweleza yote, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza pale aliponitaka nirudie kuhusu kikao. Unajua anavyofanya, kuelewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba jioni ile ya barua alitaka kukupigia simu kwa GP akuwekee miadi, nawe ukamkataza. Ulimwambia, "Wakesho ameshaisoma, hakuna kitu. Wakesho anajua mambo haya."

Hilo sikulijua.

Hata baada ya kukusemesha vile kwa Bwana Wilfred, bado uliniamini kiasi hicho.

Zawadi alisimama akafungua mlango. Hakunitukana. Alisema tu nikaandike, kwa mkono wangu, jina lako lisafishwe, na nisirudi mpaka nimeandika.

Nikaandika. Nilimpelekea meneja barua, nikataja barua ya hospitali, ripoti yangu, na maneno niliyoyageuza kikaoni. Nilimwandikia ulichosema kweli: mimi sijifanyi, mwili wangu naujua, kuna kitu. Nilimwomba niseme kwenye mkutano wa wafanyakazi, akakubali bila kupenda. Wasichana wale wawili walikuwepo. Mmoja aliinuka akatoka kabla sijamaliza. Onyo lako limefutwa, na barua ya kusema hivyo ameipata Zawadi. Mimi nimeondolewa uongozi, na ilistahili. Nafanya ghorofa ya pili. Wenzangu wananisalimu, ila naona wanaficha karatasi zao nikipita. Wana haki.

Wamama wa ibada wamesikia pia. Wengine wananiambia nisijitese, kwamba umekwisha kunisamehe huko uliko. Nawashukuru, na siwajibu. Wewe hukuniambia hivyo, nami nimeshakusemea vya kutosha.

Sasa habari iliyonifanya niandike leo. Jumapili Zawadi alinipigia mwenyewe. Amepimwa presha kazini kwao, iko juu, tena sana kwa umri wake. Daktari amemwandikia kipimo cha picha ya moyo, Jumanne asubuhi. Aliniambia anaogopa, sauti ikawa ndogo kama ya mtoto, halafu akaikaza. Akaniomba niende naye. Kisha akasema, na mara hii kwa Kiswahili, chenye kukwama lakini kila neno nililisikia: "Siendi na wewe kwa sababu nimekusamehe. Naenda na wewe kwa sababu wewe hutathubutu tena kuruka ukurasa."

Nimeomba ruhusa kazini. Nimeandika maswali kwenye daftari: unabana vipi, unalegea vipi, ukuta una unene gani, presha ishuke mpaka wapi. Nisichokielewa nitasema sikielewi, nimuombe daktari arudie. Zawadi akiniambia mwili wake una kitu, nitaamini una kitu.

Hiyo ndiyo ahadi niliyo nayo. Nyingine sina haki ya kuitoa.

Kwaheri, Mama Zawadi. Ulale vizuri, bila mito mitatu. Jumanne nitafika hospitali kabla yake, nimngoje mlangoni.

Wakesho